Kofia ya Mjomba na Sekunde Sita za Bibi

Enzi zetu, na msicheke eti nina miaka ishirini na saba tu, picha haikupigwa mpaka watu waoge, wapake mafuta na wapatanishwe. Siku hizi kijana anasimama ukingoni mwa jabali la Irente, nyika yote imetandazwa chini yake, naye anapiga picha pua yake mara arobaini. Halafu anafuta thelathini na tisa.

Sisi kijijini Lukozi tulikuwa na Mjomba Shabani. Kamera yake ilikuwa sanduku la mbao refu kama benchi, alilolichonga mwenyewe. Mbele yake alifunga lenzi nzito kama jiwe la kusagia, aliyoinunua kwenye mnada wa mzungu mmoja aliyefunga shamba. Ilitengenezwa kwa ajili ya ndege za kivita, ipige picha za miji kutoka angani. Ndiyo maana sanduku lilirefushwa hivyo: lenzi iliyozoea kutazama mbali haikubali kirahisi kumwona mtu aliye karibu. Mimi, mtoto wa darasa la tatu, nilishindwa kumaliza ugali nikiwaza miji ile ilifanywa nini baada ya kupigwa picha.

Lenzi yenyewe haikuwa na kifungo cha kubonyeza. Mjomba aliifunika kwa kofia yake ya Ijumaa. Akiiondoa, mwanga unaingia. Akiirudisha, kazi imekwisha. Kwa ukungu wetu ule, ilichukua sekunde sita za kutosogea.

Siku ninayoikumbuka, Bibi alikuwa anaondoka kesho yake kwenda hospitali kubwa. Wote tulijua huenda asirudi. Picha yake pekee ilikuwa ya kadi ya mpiga kura, ambamo anaonekana kama mtu aliyekamatwa. Mama alitaka moja nzuri ya ukutani, Bibi akiwa katikati ya wajukuu. Mjomba alibakiwa na karatasi moja tu ya picha, na duka la Tanga lilikuwa limeshaacha kuziuza.

"Shabani," Bibi alimwambia mwanawe, "dude la kutafutia adui unanielekezea mimi?"

"Tulia, mama. Kofia ikitoka, hakuna kupepesa."

Kofia ikatoka. Moja. Mbili. Hapo Babu Mkubwa, kaka yake Bibi, akatokea kwenye kona ya nyumba na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani.

Kwetu mkubwa hapiti hivihivi. Binamu zangu saba wakageuka, wakainama. "Shikamoo, Babu!" Bibi naye akageuka, akainama na kupiga goti kidogo. "Shikamoo, kaka."

Nami? Mimi nilifikiri. Nikiamkia, naharibu picha ya Bibi. Nisipoamkia, naaibisha malezi yake. Na je, mtu anaweza kuamkia bila kusogeza midomo? Nilikuwa bado nafikiri kofia iliporudi.

"Marahaba, marahaba," akasema Babu Mkubwa, akanitazama. "Na huyu je, ni bubu?"

Mama akanifinya sikio mbele ya wote. Mjomba akaifunika karatasi isipate mwanga, akavaa kofia yake, akaingia ndani kuisafisha.

Bibi hakurudi kutoka hospitali.

Picha ipo sebuleni hadi leo. Mimi tu ndiye ninayeonekana: kila kifungo cha shati, hata kovu la tetekuwanga. Wengine ni moshi. Simu yangu ina picha elfu nane, zote safi, nyingi za vyeti vyangu, na wadogo zangu hupiga zao mzee akiwa amesimama mlangoni akisubiri salamu. Siwalaumu sana, hata mimi huwa bado nafikiri.

Wageni wakija huniulizia mimi kwanza. "Huyu anayeonekana ni nani?"

"Ni yule asiyeamkia," Mama hujibu.

Kuhusu ule weupe ulio katikati, waliomjua Bibi hawaulizi. Humtambua mara moja, kwa jinsi alivyoinama.