Adapta ya Mzee Radisav

Desanka alipofungua mlango siku ya slava alimkuta Radisav kizingitini, kofia mkononi, kompyuta kwapani. Damu ikamchemka. Huyu ndiye aliyemsimamia Desanka ndoa yake, akala na kunywa nyumbani humu, kisha akaenda mahakamani kuapa uongo hadi karakana ya mapipa ya baba yake Desanka, alimofanya kazi na kulala, ikaangukia mikononi mwa mtu baki. Sasa mtu huyo kafilisika, karakana inanadiwa leo mtandaoni, na Radisav, aliyepanga chumba humohumo karakanani miaka yote hii, anataka kuinunua. Uso mkavu ulioje!

Lakini slava ni slava. Siku ya mtakatifu wa nyumba mgeni haalikwi wala hafukuzwi, na Radisav alilijua hilo vizuri, mjanja yule.

"Heri ya slava, Desanka mwanangu. Mashine yangu haishiki mtandao, na mnada ndio unaanza. Kadi yangu ya saini ya kielektroniki imesajiliwa kwenye hii hii, siwezi kutumia nyingine."

"Karibu, mzee. Onja ngano tamu ya slava kwanza."

Akaipeleka kompyuta jikoni, akafungua orodha ya vifaa. Adapta ya mtandao ilikuwa nzima kabisa. Ilikuwa imezimwa tu. Bila shaka mzee alibonyezabonyeza ovyo. Kuiwasha lilikuwa jambo la kubofya mara moja. Desanka akakunja mikono. Kando ya sufuria ya supu, kompyuta yake mwenyewe ilikuwa wazi kwenye mnada uleule. Washiriki walikuwa wawili, namba tu bila majina, na mmoja alikuwa yeye. Wa pili alimjua bila kuambiwa.

Akarudi na bakuli. "Programu ya adapta imeharibika, mzee. Naiondoa, niiweke upya. Kunywa supu."

"Haraka basi!"

"Haraka ya nini, kuna anayekufukuza? Au supu yangu mbaya?"

Siku hiyo mwenye nyumba haketi, husimama akihudumia, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kumwona akiingia na kutoka jikoni. Na mgeni hainuki kabla mkate wa slava haujakatwa. Kila Radisav alipojaribu kusimama, majirani walimvuta shati: "Kaa chini, wewe! Unataka kuitia nyumba mkosi?" Zikaja kabichi za nyama. Ikaja rakia, pombe kali ya matunda. Jasho likamtiririka mzee, na Desanka akaona raha. Baba yake hakupata hata nafasi ya kutokwa jasho.

Mnada ulipofungwa ndipo alipoukata mkate. Kisha akaiweka kompyuta ya Radisav kati ya sahani, akabofya mara moja. Mtandao ukashika palepale.

Radisav akakodoa macho. "Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu."

"Ulijua tangu lini?"

"Kabla hujagusa supu."

Radisav akayatafuta matokeo. "Nani kaichukua?"

"Mimi. Anza kufunga mizigo, nabadilisha kitasa cha karakana."

Mzee akashika ukingo wa meza.

"Leo slava, Desanka! Mimi mgeni wako! Kwa umri huu nitalala wapi?"

"Baba naye alikuuliza hivyohivyo, pale nje ya mahakama," akasema, akimjazia glasi. "Nilikuwepo. Ulimjibu nini, mzee? Waambie wageni."