Mchanga wa Diskasi

Siwapendi samaki wanaoishi sebuleni. Samaki ninayemjua mimi yuko sokoni Nachingwea, amekaushwa, ametulia, na akifika kwangu anaingia kwenye nazi. Hawa wa mume wangu wanaitwa diskasi. Ni bapa, duara kama visosi, wana michirizi ya bluu, na chakula chao ni moyo wa ng'ombe. Mbichi, uliosagwa. Msagaji ni mimi.

Waliletwa na binti yetu kutoka Dar baada ya baba yake kupata kiharusi. Mdomo ulikuwa umepinda, maneno yamekwama, na mzee aliyekuwa akibishana na redio kutwa nzima sasa hajibu hata akiulizwa kama chai imepoa. Daktari alisema ule mdomo upewe kazi. Binti akaona samaki watampa baba yake cha kusemea. Sikubisha. Ningefuga hata nguruwe kama angeniita tena kwa sauti.

Muuzaji alikuwa ameonya: sakafu ya tangi muiache kioo kitupu, maana nyama ikijificha mchangani itaoza. Sawa, lakini kwenye kioo kitupu mavi yote unayaona. Kila asubuhi yalikuwa yananingoja, nyuzi nyeupe zimelala pamoja na vipande vya moyo vilivyovimba. Nachomeka mpira mwembamba, navuta kwa mdomo kama wanavyovuta dizeli, maji yaanze kutiririka kwenye ndoo. Mara nyingine yananiwahi. Ladha yake sitaki hata kuisimulia.

Siku moja mzee akasema neno. Samaki walikuwa wamejibana kwenye kona, wamekuwa weusi, wanakwepa taswira zao wenyewe kwenye kioo cha chini.

"Wanaogopa," alisema.

Kimya chote kile, na neno la kwanza wamepewa samaki! Niliona wivu, sifichi. Lakini nilishakimbilia simu nimwambie binti, na nyuma yangu nikamsikia anaongeza: "Mchanga."

Mdogo wa mume wangu analima korosho Nandagala, kule Ruangwa, na karibu na shamba lake kuna kijito kinachokauka na kuacha mchanga mweupe, laini. Nilimsihi auoshe mpaka maji yatoke meupe. Akauosha, akauleta kwa pikipiki ndani ya kiroba, anatabasamu. Tuliutandaza unene wa kiganja. Samaki wakashuka katikati ya tangi, rangi zikarudi, na mzee akawa anasema "vizuri", anasema "tazama", anamwita yule samaki mkubwa "mtemi". Nilikuwa nikisimama jikoni kumsikiliza.

Haikupita muda, nyumba ikaanza kunuka mayai viza. Nilitafuta panya aliyekufa nyuma ya kabati, nikakilaumu choo cha jirani. Mwisho nikazamisha vidole kwenye ule mchanga mzuri. Juu mweupe, chini mweusi tii, unateleza. Mapovu yakapanda, harufu ikanivaa usoni, nikatoka mbio kutapika. Niliporudi, mtemi alikuwa amelala ubavu, ute umemning'inia. Mzee alimtazama mpaka samaki alipoacha kupumua, kisha akafunga mdomo kama mwanzo wa ugonjwa.

Kiroba kilikuwa bado uani. Nilikikung'uta, likatoka vumbi la njano. Salfa, dawa ya mikorosho.

"Lakini shemeji, nilikikung'uta!" akajitetea kwenye simu. "Sasa kiroba kizima vile nikitupe?"

Huku kwetu kiroba cha salfa hakitupwi. Kinabeba mihogo, kinabeba ufuta, mgeni akija anatandikiwa akalie. Nikaikumbuka mihogo yote niliyokula kwake, nikaenda kutapika tena.

La kuvunda halina ubani. Samaki waliobaki niliwahamishia kwenye beseni, nikauchota ule uozo wote kwa mikono yangu. Jirani akaniinulia tangi tupu, nikatandika chini yake khanga yangu kuukuu, ili samaki wasijione tena kwenye kioo. Nikawarudisha kwenye maji mapya, hawakuogopa.

Asubuhi mavi yalikuwa palepale, juu ya maua ya khanga. Nilishika mpira, nikashindwa kuupeleka mdomoni. Nikakaa sakafuni nikalia kwa hasira, nikasema kwa sauti kwamba sikuolewa nije kunywa mavi ya samaki.

Mpira ukanitoka mkononi. Mzee alikuwa ameuchukua. Aliutia kwenye ule mdomo uliopinda, akaibana midomo kwa vidole, akavuta. Hakikuja kitu. Akavuta tena, mashavu yakaingia ndani, na maji yakaja kwa kishindo yakamjaa kinywani. Alitema mpaka ukutani. Akakohoa, akajifuta kwa kiganja, akanigeukia.

"Mke wangu," alisema, polepole, neno moja moja, "uchafu huu ulikuwa unaunywa kila siku?"