Chungu Kimoja, Wanunuzi Wawili

Siku ile tulikuwa watu watano katika chumba cha kompyuta, pale chuoni Homa Bay. Nilikuwepo mimi. Alikuwepo nyieka, yaani mke mwenzangu, aliyeolewa miaka sita baada yangu na hajakubali mpaka leo kwamba mimi ndiye mkubwa. Alikuwepo kitinda mimba wangu, binti aliyekuwa akisomea kuandika kurasa za mtandao za kuuzia vitu. Alikuwepo mwalimu wake, kijana wa Rusinga, ambaye mama yake na mimi ni watoto wa ndugu, kwa hiyo aliniita mama mdogo hata mbele za watu. Wa tano alikuwa mtahini kutoka Nairobi. Huyo hakuwa na undugu na yeyote kati yetu, na alikaa kama mtu anayelijua hilo.

Majina yao yote ninayo, pamoja na ya baba zao. Binti yangu ameniomba nisiyaandike, basi nimeyaacha.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea kwisha. Sisi nyumbani ni upande wa Migori, na kazi yetu mimi na nyieka ilikuwa kufinyanga vyungu na kuviuza sokoni. Likizo moja binti akaja akasema, "Mama, nataka kuuza vyungu vyenu kwenye kompyuta."

"Kwani kompyuta ina kiu?" nyieka akauliza.

Akatueleza. Chuo kilitaka kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho atengeneze ukurasa wa kuuza bidhaa za biashara ya kweli, na siku ya mtihani aje na wenye biashara. Mtu wa Mombasa ataona picha ya chungu, atabonyeza, na sisi huku tutajua anakitaka.

"Na atakigongaje asikie kama kina ufa?" nikauliza.

"Nitaandika kwamba nyinyi mmeshakigonga."

"Hapo sawa. Lakini uandike nani amegonga, maana nyieka ana sikio moja bovu."

"Lisilosikia ni lile ninalokuelekezea wewe," nyieka akasema.

Ukurasa wenyewe aliuandika kwa maneno yaliyobanwa kati ya alama mbili zinazofanana na midomo ya samaki. Neno moja linafungua, lingine linafunga. Alisema ukifungua ukasahau kufunga, kila kitu kinachofuata kinaharibika. Nikamwambia hilo nalijua tangu utoto, nimewahi kusahau mlango wa boma la ng'ombe. Picha alizichora mwenyewe kwa kile kidude cha kusukuma mezani, kwa sababu kamera hatukuwa nayo. Nyieka alipoona dapi lake, mtungi mkubwa wa maji aliojivunia kuliko watoto wake, alisema limechorwa kama kiazi kilichokosa mvua.

Tulikuwa tunacheka, lakini jambo lilikuwa zito. Baba yake alikuwa amesema wazi: mwaka wa kurudia haupo. Akianguka, arudi nyumbani afinyange na sisi. Nyieka aliuliza kama kufinyanga ni jela. Mikono ya binti haikuwahi kuupenda udongo, na sote tulijua hivyo.

Basi siku ya mtihani mtahini akatuweka mimi na nyieka kila mmoja mbele ya kompyuta yake. Zote mbili zilikuwa zimeunganishwa kwa waya na ya mwalimu, maana mtandao wenyewe haukuwa umefika chuoni. Wanafunzi walikuwa wanajifunza kuogelea kwenye karai.

"Kina mama, leo nyinyi ni wateja," mtahini akasema. "Kila mmoja achague chungu, abonyeze."

Nikabonyeza. Maneno yakatokea: Asante kwa kununua. Nyieka naye akabonyeza, naye akashukuriwa. Mtahini akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika, akafungua kalamu. Kama ningekaa kimya, mambo yangeishia pale. Lakini nilichungulia kwa nyieka nikaona amechukua dapi lile lile.

"Hilo ni langu," nikamwambia. "Nimeshalinunua."

"Umelinunua wapi? Mimi nimeandikiwa asante."

"Hata mimi nimeandikiwa!"

Kalamu ya mtahini ikasimama. Akamgeukia binti. "Mitungi ya namna hii iko mingapi?"

"Mmoja, bwana. Inafinyangwa kwa mkono. Hakuna miwili inayolingana."

"Na umeuza mmoja kwa watu wawili."

Binti akageukia kioo cha kompyuta. Baadaye alinieleza kwamba kitabu chao cha kufundishia kilikuwa kinauza mashati, na shati likichukuliwa kuna lingine nyuma yake kwenye rafu. Lakini wakati ule niliona tu uso wa mtoto wangu ukijifunga, na nikajua ni mdomo wangu uliomfunga.

Nikasimama. "Bwana, hili kosa si la mtoto, ni letu. Hatukumwambia habari ya nyasi."

"Nyasi gani?"

"Kwetu sokoni, mtu akikubali chungu na hawezi kukibeba saa ile, mwenye kuuza anatia jani la nyasi mdomoni mwa chungu. Ukiona nyasi, hata ukipende namna gani, hukigusi. Kina mwenyewe. Sisi tumefanya hivyo miaka mingi hata hatukumbuki kulisema."

Mtahini alitutazama mmoja mmoja. Akaangalia saa. "Nitarudi saa nane," akamwambia binti. "Nikikuta nyasi, tutaongea. Nisipoikuta, utarudia mwaka."

Mwalimu hakuruhusiwa kumsaidia. Alisimama akitazama ukuta, mikono nyuma, kama mtu aliyeadhibiwa. Sisi tulitolewa nje, tukakaa kwenye ngazi na viazi vyetu vya kuchemsha ambavyo hakuna aliyevila.

"Mdomo wako, yawa," nyieka akasema.

"Wewe ungechagua chungu kingine."

"Nichague cha kwako? Nilikuwa nanunua, sikuwa natoa sadaka."

Kisha akanyamaza, na nyieka akinyamaza ujue ameogopa. Kupitia dirishani tulimwona binti akiandika, akifuta, akiandika. Mara moja alishika kichwa kwa mikono yote miwili. Nyieka akashika kichwa changu badala ya chake.

Saa nane kamili mtahini akarudi. Nikabonyeza dapi, nikashukuriwa. Nyieka akabonyeza. Mashine ikafikiri kidogo. Kisha ile picha ya kiazi ikatokea na mstari wa kijani umejipinda mdomoni, na chini yake: Chungu hiki kina mwenyewe. Karibu uchague kingine.

Nyieka akabonyeza tena. Jibu lile lile. Akabonyeza kwa nguvu, kama anayeua kupe.

"Yaani chungu nimekifinyanga kwa mikono hii," akasema, "halafu kompyuta inaninyima?"

Mtahini akacheka mpaka akavua miwani. "Mama, usiache kukasirika," akasema, "naandika." Akaandika, akamsogezea mwalimu karatasi. Mwalimu akaisoma mara mbili, akaniita mama mdogo kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani. Binti alikuwa amepita. Yeye alibaki amekaa, akitazama mikono yake, kisha akauliza kama kuna kiazi kilichobaki. Alikula vyote.

Nyieka anasema mimi ndiye niliyenyimwa, na yeye ndiye aliyebonyeza kwanza. Anasema pia mtahini hakuvaa miwani. Mimi nimeandika nilivyoona, lakini umri una mambo yake. Kama mwalimu wa Rusinga anasoma haya, au yule bwana wa Nairobi, na nimekosea mahali, waniambie nirekebishe. Ila waniambie mimi peke yangu, nyieka asiwepo.