Magoti ya Kumsalimia Mama

Mpaka nilipostaafu nilikuwa mtu wa kujisifia miguu yangu, na sioni sababu ya kuficha. Kila Jumamosi alfajiri nilitoka Kiseke, hapa Mwanza ninapoishi, na kikundi chetu cha mchakamchaka, kina mama watupu wenye fulana za kijani, tukateremka kuelekea Buzuruga na kurudi tukipanda. Wadogo zangu kwa umri walibaki nyuma wakihema, nami niliwageukia na kuwauliza kama niwaitie bodaboda. Nilikuwa nimejiwekea lengo la kushiriki mbio ndefu za mjini na kuzimaliza bila kutembea hata kidogo.

Goti la kulia ndilo lililoanza kunisumbua, la kushoto likafuata. Nikayachua kwa dawa, nikafunga bandeji, nikaendelea kukimbia kwa ubishi tu. Mwishowe hospitali walinipiga picha, wakaniambia magoti yamesagika. Niliudhika kama mtu aliyetukanwa.

Lakini kilichoniuma zaidi hakikuwa mbio. Mama yangu anaishi ng'ambo ya daraja la Busisi, nyumbani kwa kaka yangu. Macho yake siku hizi yanaona mwanga na vivuli tu, na masikio nayo hushika baadhi ya maneno. Kwetu Wasukuma, mwanamke akimsalimia mkubwa wake hupiga magoti. Nimemsalimia mama hivyo tangu utoto, na yeye ana mazoea yake: kabla ya kuitikia, hunyoosha mkono na kuuweka juu ya kichwa changu. Macho yalipofifia, mkono huo ndio uliomwambia nani amekuja.

Mara ya kwanza magoti yalipokataa kabisa kukunjika, niliinama tu mbele ya kigoda chake nikamwamkia mama kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu." Mkono wake ukanyooka kama kawaida, ukapita chini ya kidevu changu bila kugusa kitu, ukarudi mapajani. Akaitikia kwa adabu anayompa mgeni. Nikaketi kwenye kiti cha plastiki alichoniletea wifi yangu, tukazungumza habari za mvua na mihogo. Kisha mama akamgeukia wifi.

"Binti yangu wa Mwanza atakuja lini?"

Wifi akamwambia ndiye huyu hapa. Mama akatabasamu, akasema ndiyo, ndiyo, kama mtu asiyetaka kubishana. Safari iliyofuata niliuchukua mkono wake mwenyewe nikauweka kichwani pangu, naye akauvuta haraka, kama ameshikwa na mtu asiyemjua. Siku hiyo nililia garini mpaka tukamaliza daraja, na abiria wa pembeni alipouliza nikamwambia ni vumbi.

Kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo nilikwenda na hasira zangu. Alikuwa binti mpole, akaniamkia shikamoo, akaniuliza nayataka magoti ya kufanyia nini. Nikamjibu, mbio. Akaniambia wazi kwamba mbio za milimani nizisahau, ila kutembea mahali tambarare naweza. Nikainuka niondoke zangu, lakini kuinuka kwenyewe kulinitaka niegemee kiti kwa mikono yote miwili huku yeye ananitazama. Aibu ikanirudisha kitini. Ndipo nikamweleza habari za mama na ule mkono wake.

"Basi mama, tufanye mazoezi ya hilo," akasema.

Nilidhani ni mchezo wa watoto. Kumbe kukaa kitini na kuinuka polepole, mikono imekunjwa kifuani, kunaweza kumtoa jasho mwanamke aliyekuwa akiwacheka wenzake mlimani. Niliinuka kwenye sofa, baadaye kwenye kiti cha kulia chakula, baadaye kwenye kigoda cha jikoni. Magoti niliyapiga kwanza kitandani, kisha kwenye godoro lililowekwa chini, kisha kwenye blanketi lililokunjwa, mpaka nikafika kwenye mkeka. Yule binti hakunisifu kwa kushuka. Alisema hata gunia linashuka, nimwonyeshe jinsi ninavyoinuka.

Asubuhi nilitembea kando ya ziwa palipo tambarare, nikipita wanawake wanaoanika dagaa, na wenzao walinipita bila jasho na mabeseni yao kichwani. Jumamosi kikundi changu kilipita getini na kuniuliza nitarudi lini. Nikawaambia siku hizi niko kwenye mazoezi ya kupiga magoti. Mmoja akauliza kama nimeokoka. Nilicheka nao, ila walipopotea kwenye kona wakiimba, nilijisikia mpweke, na fulana ya kijani nikampa dada wa kazi afanyie usafi.

Kuna siku maumivu yalirudi nikakata tamaa. Mama hapungui umri akinisubiri, na hilo ndilo lililokuwa linanitisha. Kesho yake nilirudi kwenye kigoda.

Nilipokwenda tena, wifi alishaanza kuleta kiti. Nikamwambia akiache. Nikashika nguzo ya baraza, nikashusha goti moja, halafu la pili, mbele ya mama. Sakafu ilikuwa ngumu kuliko mkeka wa nyumbani, na maumivu yakapanda hadi kiunoni.

"Mwangaluka, mayu."

Mkono ukanyooka. Safari hii ulinikuta. Vidole vikapita kwenye nywele, vikashuka hadi sikioni, vikarudi juu vikatulia.

"Ulikuwa wapi siku zote hizi?" akaniuliza.

Nilikuwa nimekuja kila mwezi. Nilikuwa nimeketi karibu naye kiasi cha kusikia pumzi zake. Wifi akafungua mdomo amweleze, nikamkatalia kwa kichwa, taratibu, ili mkono usianguke.

"Nilikuwa naumwa magoti, mayu."

"Pole, mwanangu," akasema, na mkono hakuuondoa.