Nilimkana Baba Yangu wa Kwenye Tamthilia

Nimekosa, ndugu zangu, na wa kumwomba msamaha hayupo tena. Naandika nikiwa Doha. Jina nalificha, maana aibu ndiyo iliyonifikisha hapa.

Mimi ni mtoto wa mji wa mbao kule Mufindi. Baba alikuwa mpasua mbao. Zamani, televisheni ikiwa bado ngeni nchini, watu walikuja kwetu kurekodi tamthilia, wakampa nafasi ya mlevi anayeiba magogo na kukimbizwa na mkewe. Mji mzima haukuwa na televisheni. Baba aliigiza, akasifiwa, lakini hakuwahi kujiona.

Nilipopata kazi ya ulinzi huku Doha, mtaa wa West Bay, kila nikimpigia simu alikuwa ananiambia, "Mwanangu, huko kuna kila kitu. Nitafutie ile picha, nijione hata mara moja kabla sijafa."

Nami, kwa ushamba wangu, nilikuwa nimewatambia wenzangu wa chumbani kwamba baba yangu ana kiwanda cha mbao. Mwongo mkubwa mimi.

Siku moja ya mapumziko, Mkenya mmoja tuliyekuwa tukilala naye chumba kimoja akaikuta tamthilia ile mtandaoni.

"Buda, kuja ucheki hii ya kwenu," akaniita. "Huyu mzee ameniua kabisa."

Nikachungulia. Ni Baba, fulana imetoboka, anaanguka kwenye maranda ya mbao huku kakumbatia gogo. Chumba kizima kinacheka.

"Kwani unamjua?" Mkenya akaniuliza, aliponiona nimekodoa macho.

"Simjui," nikasema, nikacheka nao.

Kuanzia hapo wakawa wanaigiza mwendo wake tukingoja basi la kazini, na mimi nacheka kuliko wote. Ningeweza kumtumia mdogo wangu aliyebaki nyumbani tamthilia ile kwenye simu, kimya kimya, amwonyeshe mzee. Niliogopa ataisambaza kwa majigambo, jina letu lijulikane, niumbuke.

Baba alipouliza tena nikamwambia, "Kanda zilishafutwa, Baba. Usijisumbue."

Akajibu, "Haya, mwanangu. Ahsante kwa kutafuta."

Akaugua kifua, akafa nikiwa huku huku. Nilipompigia Mama, nalia, akanibembeleza. "Nyamaza, mwanangu. Baba yako kaondoka akikusifu. Kila aliyekuja kumjulia hali, yeye alimwambia, kijana wangu kahangaika sana kunitafutia ile picha, basi tu haikupatikana."

Jamani! Nilikata simu. Hadi leo sijamwambia Mama ukweli, na sidhani kama nitaweza.

Tamthilia bado ipo. Huwa naifungua peke yangu, namtazama anavyoyumba na anavyoanguka, na sasa naona alivyokuwa anajitahidi. Alijua kuigiza yule mzee. Sikuwahi kumwambia.

Wewe uliye ughaibuni, acha kumpamba mzazi wako kwa uongo. Akikuomba kitu unacho mkononi, mpe leo; waache watu wacheke, wakichoka watanyamaza. Mimi ninacho bado, na sina wa kumpa.