Nywele za Hosiana zilivyomjibu mama yake

Asubuhi, kwenye mwalo mmoja, mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu, nje kidogo ya mji wa Geita, Martina Mayala amechuchumaa mbele ya beseni la marudio, mchanga ambao wengine wamekwisha kuuosha na kuuacha. Anamimina zebaki ili inase dhahabu iliyobaki, kisha anaukanda kama anayekanda unga wa maandazi. Amevaa glavu. Moja imetoboka kidoleni.

“Hizi nimeanza kuvaa juzijuzi tu,” anasema. “Zamani nilikanda kwa mikono mitupu, mtoto yuko mgongoni.”

Mtoto huyo ni Hosiana, mwenye umri wa miaka mitano. Hayupo hapa.

Baada ya kuachika, Martina aliishi naye katika chumba kimoja cha kupanga. Humo humo ndimo alimochomea donge la zebaki na dhahabu juu ya jiko la mkaa, mlango kaufunga kwa kuogopa wezi. Zebaki ilipaa ikawa mvuke wenye sumu, dhahabu ikabaki.

Mwaka jana vidole vya Hosiana vilianza kutetemeka. Kikombe cha uji kikawa kinamponyoka. Martina alidhani ni minyoo, akampeleka Ushirombo kwa bibi wa mtoto, Febronia, akapate maziwa.

Miezi ikapita. Ndipo akaja mtafiti wa afya, Dk. Valerian Ndaki, akikusanya nywele za wachenjuaji wa dhahabu na watoto wao. Martina alipanda basi hadi Ushirombo, akafumua msuko mmoja wa bintiye na kukata nywele chache, karibu kabisa na ngozi.

Nywele hizo zilipelekwa ng’ambo, kwenye mtambo unaorusha ioni, yaani chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme.

“Ioni zikiugonga unywele kwa kasi, kila kilichomo hutoa mwale wake, nasi tunakitambua,” anaeleza Dk. Valerian. “Tunaupima kipande kwa kipande. Ncha inasimulia ya zamani, shina linasimulia ya juzi.”

Daktari aliporudi na majibu, Martina alikuwa amekwisha kushona sare. Alitaka Hosiana arudi Geita aanze shule.

“Mama Hosiana, kaa kwanza,” daktari alimwambia.

Nchani zebaki ilikuwa nyingi. Kuelekea shinani ilipungua, hadi ikakaribia kwisha.

“Kwa hiyo anapona?”

“Sumu inamtoka. Huko kutetemeka siwezi kukuahidi kwamba kutaisha.”

“Ilianza kupungua lini?”

“Alipoondoka kwako.”

Martina anasimulia haya mikono ikiwa bado ndani ya beseni. “Bora angenitukana, ningemjibu,” anasema.

Majibu ya nywele zake mwenyewe anayo pia. Hataki kuyazungumzia.

Sare alizituma Ushirombo kwa basi. Kwenye simu alimwambia mama yake, “Mayu, asome huko huko.”

“Sawa,” Febronia alijibu. “Ila ujue, ameanza kuniita mimi mama.”

Siku hizi Martina huchomea donge lake porini, mbali na nyumba, akikaa upande upepo unakotoka. Majirani zake bado wanachomea ndani.

Mvua zikianza, anasema, ataacha mwalo na kwenda Ushirombo kulima mpunga na mama yake.

“Siendi kumchukua Hosiana. Nakwenda kukaa naye,” anasema. “Nitaondoka na nguo za kanisani tu. Hizi za kazini zina zebaki, sizibebi.”