Kitu cha Angani na Ukuta wa Mama

Hasira yangu ya kwanza naielekeza kwangu mwenyewe, kabla sijafika kwa watu wa kwari ya mawe.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Mama yangu alitoka upande wa ziwa akiwa bado msichana, akachuma majani chai kwenye mashamba ya watu hadi magoti yakakataa, ndipo tukamnunulia ploti ndogo huku Boito na kumjengea nyumba ya mawe ya vyumba viwili. Nyuma ya nyumba ana mistari yake michache ya chai. Chini ya ua wake, mteremkoni, tajiri mmoja akafungua kwari. Kila Jumanne na Ijumaa, saa nne asubuhi, baruti inalipuliwa na vikombe vinacheza kabatini. Haikupita miezi mingi ukuta wa chumba cha kulala ukapasuka kutoka dirishani hadi chini, ubavuni pa kitanda chake. Alichotaka mama ni kitu kimoja tu: baruti ikome kabla ukuta haujamwangukia.

Naibu wa chifu akaita baraza kusikiliza malalamiko yake. Huku kwetu mwalimu hakai nyuma barazani. Ataitwa, ataletewa kiti cha plastiki mbele, na ataombwa aseme neno hata kama mada ni kupe wa ng'ombe. Meneja wa kwari alilijua hilo. Alisimama kwa adabu, kofia mkononi.

"Mwalimu, wewe ndio umesoma," akasema. "Mbali na baruti, kuna kitu ingine inaweza tingisha ardhi?"

Mwenye akili angejibu hapana akaketi. Lakini ulimi hauna mfupa, na wiki ile nilikuwa nimesoma jambo lililonikosesha utulivu. Nikawaambia kwamba wataalamu wanashuku kuna maada ya ajabu huko angani, nzito kupita kiasi. Punje yake ya ukubwa wa vumbi ingeweza kuwa na uzito wa lori lililojaa majani. Punje kama hiyo ikija kwa kasi ingeipenya dunia nzima, iingie upande huu na kutokea ule kwa muda wa dakika moja hivi, na mashine za kupimia mitetemeko zingeweza kuisikia ikipita. Nilisema pia kwamba hakuna aliyewahi kuikamata. Hiyo sehemu niliisema mwishoni, haraka, watu wakiwa tayari wanapiga makofi. Nilifurahia yale makofi, na sitaficha hilo.

Mama hakupiga. Kesho yake, nilipotoka shule, alinipeleka kwenye chai yake, akaulaza ufito juu ya vichwa vya miche. Mchumaji hutumia ufito huo kujua kama meza ya chai, yaani ile sehemu ya juu inayochumwa, iko sawa, na mama ameulaza maisha yake yote. Mstari wa juu, ufito ulitulia. Uliofuata, upande mmoja wa ufito ulikuwa umeachana na majani. Mstari wa mwisho, ulio karibu na kwari, ungeweza kupitisha ngumi chini ya ufito. Ardhi ilikuwa inateremkia shimoni kidogo kidogo. Mimi, pamoja na shahada yangu, sikuwa nimeliona hilo.

Nilikwenda kwa meneja siku iyo hiyo. Nilimwambia kitu cha angani hakina ratiba ya Jumanne na Ijumaa. Hakisubiri vibarua wanywe chai ya saa nne ndipo kipite. Na kingepita wima au mshazari kupitia kila shamba njiani, si kuchagua nyumba ya mwanamke mmoja. Sauti yangu ilikuwa imepanda, wavunja kokoto wakaacha nyundo wakanitazama. Meneja alinisikiliza mpaka mwisho, akanikaribisha kiti, kisha akanionyesha karatasi.

Ilikuwa imepigwa chapa vizuri. Ilisema kwamba mwalimu wa sayansi wa eneo hili ameeleza mbele ya umma kuwa mtikisiko unaweza kutokana na maada ya angani, kwamba hayo ni mambo ya Mungu, na kwamba mwenye nyumba amekubali hivyo na hana malalamiko tena dhidi ya kwari. Nilimwambia huo ni wizi. Nilimwambia wazi kwamba ameiba maneno yangu na kuyavalisha uongo, na kwamba hakuna mwenye nyumba atakayekubali upuuzi huo.

Meneja alishusha kidole chake hadi chini ya ukurasa. Palikuwa na alama ya dole gumba, ya wino wa zambarau, na juu yake jina la mama yangu.

Nilipanda ule mteremko hadi kwa mama. Nilimkuta akichambua mboga mlangoni. Nilimuuliza, kwa ukali ambao sijawahi kumtolea, aliwekaje kidole kwenye karatasi asiyoweza kuisoma, tena baada ya kunionyesha mwenyewe ardhi inavyozama.

"Walikuja asubuhi, kabla nikuonyeshe chai," alisema. "Wakasema hiyo ni maneno yako, ulisema mbele ya watu wote. Sasa baba, ningekataa maneno yako mbele ya wageni?"

Akaendelea na mboga. Ijumaa ilipofika, saa nne, baruti ililipuka kama kawaida.